Nani alimtunza Jessica Fletcher?

Mwaka 2025 Jamie Lee Curtis alithibitisha kwamba yeye ndiye atakayeigiza Jessica Fletcher katika filamu mpya ya Murder, She Wrote inayoandaliwa na Universal. Habari ilipokewa kwa shangwe, na wengi walioizungumzia waliieleza kana kwamba mpelelezi huyo wa Cabot Cove anafufuliwa, baada ya kulala tangu tamthilia yake ilipofungwa mwaka 1996. Nimekutana na kauli hiyo mara nyingi kiasi cha kushindwa kunyamaza. Jessica Fletcher hakulala. Tangu mwaka 1989 amekuwa akiishi katika riwaya za upelelezi, kwa miaka mingi zikitoka mbili kwa mwaka, na leo zimepita 50. Sehemu kubwa ya vitabu hivyo iliandikwa wakati tamthilia yenyewe imekwisha. Hoja yangu ni kwamba riwaya hizi, ambazo wahakiki wengi huziweka kando kwa sababu tu zimetokana na televisheni, ndizo zilizomtunza mhusika huyu, na zilimpa kitu ambacho televisheni haikuweza kumpa, yaani sauti ya ndani. Kasoro kubwa ya vitabu vya namna hii ipo, na nitaifikia. Lakini iko kwenye mkataba, na wanaoitafuta kwenye sanaa ya uandishi wanapoteza muda wao na kuwadhulumu waandishi.

Kwa wasioifahamu vizuri historia yake, Murder, She Wrote ilianza kurushwa na kituo cha CBS cha Marekani tarehe 30 Septemba 1984. Waliobuni ni Peter S. Fischer, Richard Levinson na William Link. Hao wawili wa mwisho ndio waliomleta pia Columbo, mpelelezi mwingine mashuhuri wa televisheni. Mhusika wao ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza, mjane, mkazi wa Cabot Cove, mji mdogo wa kubuni ulio pwani ya jimbo la Maine. Kisa cha kwanza kinaeleza jinsi alivyoandika riwaya baada ya kufiwa na mumewe Frank, na jinsi mpwa wake Grady alivyoufikisha muswada kwa mchapishaji bila kumwambia. Kitabu kinavuma, Jessica anakuwa mtu mashuhuri, na tangu hapo kila anapotia mguu kunaokotwa maiti. Angela Lansbury alimwigiza kwa misimu 12 na episodi 264, akateuliwa kuwania tuzo ya Emmy kila msimu, asiipate hata mara moja. Kwa miaka mingi kipindi kilikuwa cha Jumapili usiku. Katika msimu wa mwisho CBS wakakihamishia Alhamisi, kikapambanishwa na Friends iliyokuwa imewateka vijana, na tarehe 19 Mei 1996 kikaaga. Zikafuata filamu nne za televisheni, ya mwisho mwaka 2003. Mwaka 2013 NBC walitangaza kuirudisha kwa sura mpya, kinara akiwa Octavia Spencer. Lansbury alisema hadharani kwamba ni kosa kulitumia jina lile, na Januari 2014 mpango ukaachwa.

Ukizipanga tarehe hizo utaona pengo. Baada ya 2003 Jessica mpya hakuonekana tena kwenye televisheni. Katika miaka hiyo hiyo, kila mwaka, mtu mmoja alikuwa akikaa mezani na kumwandikia mama huyu kesi mpya. Aliitwa Donald Bain. Kazi yake ya maisha ilikuwa kuandika vitabu vilivyobeba majina ya watu wengine. Mwaka 1967 aliandika Coffee, Tea or Me?, kitabu kilichojitambulisha kuwa kumbukumbu za wahudumu wawili wa ndege, na watu wengi mno wakakinunua wakiamini hivyo. Mwaka 1989 akatoa Gin & Daggers, riwaya ya kwanza ya Jessica Fletcher, ambapo mwalimu wetu anakwenda London na kujikuta yeye mwenyewe ni mshukiwa wa mauaji. Cha pili, Manhattans & Murder, kilitoka 1994, na baada ya hapo havikukoma. Mkewe, Renée Paley-Bain, alishirikiana naye, na baadaye jina lake likawekwa kwenye jalada. Bain alifariki mwaka 2017. Kijiti akakipokea Jon Land, kisha Terrie Farley Moran. Kwa hesabu hiyo, maisha ya Jessica katika vitabu ni marefu mara tatu kuliko misimu 12 ya tamthilia yake.

Kuna jambo ambalo watu hulichanganya, na kulichanganya huko ndiko kunakozaa dharau. Ipo riwaya inayosimulia upya kile ambacho watazamaji wamekwisha kukiona: mwandishi anakabidhiwa skripti na kutakiwa aigeuze kuwa masimulizi. Hata katika kazi hiyo iliyobanwa, mtu mwenye kipaji huweza kupumua. David Hewson alipoigeuza tamthilia ya Denmark, Forbrydelsen ya mwaka 2007, kuwa riwaya ya Kiingereza mwaka 2012, aliubadilisha mwisho, hivyo aliyekwisha kuitazama alilazimika kuanza kushuku upya. Aina ya pili ni riwaya yenye kisa kipya kabisa, ambayo inaazima wahusika na mazingira tu. Mauaji ni mapya, washukiwa ni wapya, ushahidi ni mpya. Vitabu vya Bain viko hapa. Hapa pia viko vitabu vya Lee Goldberg kuhusu Adrian Monk wa tamthilia ya Monk, mpelelezi wa San Francisco anayeogopa vijidudu na karibu kila kitu kingine. Riwaya yake ya kwanza ya Monk, Mr. Monk Goes to the Firehouse, ilitoka mwanzoni mwa 2006. Ilikuwa na fumbo zuri kiasi kwamba wenye tamthilia waliichukua na kuifanya episodi ya msimu wa tano. Yaani kitabu kilichozaliwa na televisheni kiligeuka kikailisha televisheni. Anayesema vitabu hivi ni kivuli tu hana budi kueleza kivuli kiliwezaje kutangulia mbele ya mwenye nacho.

Ugumu wa kazi hii hauonekani mpaka uisogelee. Chukua kitu kidogo tu: jinsi Jessica anavyopata jibu. Kila aliyeifuatilia tamthilia anaijua dakika ile. Mtu anasema neno la kawaida kabisa, pengine kuhusu hali ya hewa au kuhusu kikombe cha chai. Lansbury anasimama. Macho yanatazama mbali, midomo inafunguka kidogo, muziki unabadilika. Sisi tuliokaa sebuleni tunajua kwamba ameshajua, ila hatujui amejua nini. Dakika ile inafanya kazi kwa sababu kamera iko nje ya kichwa chake. Sura inatutangazia kuwa jibu limepatikana na wakati huo huo inalificha jibu lenyewe. Ni hila ya uigizaji, na Lansbury aliimiliki.

Bain aliamua Jessica asimulie mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza. Fikiria maana ya uamuzi huo. Msomaji sasa anakaa ndani ya kichwa kile kile ambacho kamera ilikuwa imefungiwa nje. Kila anachokiona Jessica tunakiona, kila anachokiwaza tunakiwaza. Sasa atajuaje jambo bila sisi kulijua, tena bila kutudanganya? Hilo ni tatizo la zamani katika riwaya ya upelelezi. Arthur Conan Doyle alilikwepa kwa kumtumia Watson, rafiki wa mpelelezi wake Sherlock Holmes, mtu mwema anayeona kila kitu na kuelewa nusu yake. Mwaka 1926 alipojaribu kumwachia Holmes asimulie mwenyewe katika hadithi ya The Blanched Soldier, Holmes mwenyewe anakiri humo ndani kwamba anamkosa Watson wake, kwa kuwa mshangao wa Watson ndio uliokuwa ukiukuza ufundi wake. Goldberg aliijua kanuni hiyo. Vitabu vyake vya Monk vinasimuliwa na Natalie, msaidizi wa Monk, anayempenda na kuchoshwa naye kwa kiwango kimoja. Hata Bwana Msa wetu, katika riwaya za Muhammed Said Abdulla zilizoanza na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, hatembei peke yake. Ana Najum pembeni, na msomaji hushangaa pamoja na Najum.

Bain alichagua njia ngumu kuliko hao, na mbinu zake zinafaa kutazamwa kwa karibu. Mara nyingi sura inaishia Jessica akinyanyua simu. Tunajua ampigiaye, hatusikii alichouliza. Sura inayofuata inafunguka tukiwa mahali pengine, saa kadhaa baadaye. Hakuna uongo uliosemwa. Kilichofanyika ni kuukata wakati. Mbinu nyingine ni kuichukua ile tabia ya ualimu na kuifanya pazia. Jessica anaeleza chumba kwa utulivu wa mtu anayesahihisha insha, kila kitu kwa mpangilio, na katikati ya orodha kuna kitu kimoja ambacho hakistahili kuwapo. Amekitaja, sisi tumekipita. Kwenye televisheni kitu hicho kingevutwa karibu na kamera na kila mtu angekikariri. Kwenye ukurasa kinajificha mahali pa wazi, na msomaji makini anaweza kumshinda mpelelezi mwenyewe. Kwangu mimi huo ni mchezo wa haki zaidi kuliko ule wa kwenye kioo, na ndiyo sababu ya kwanza ya kuviheshimu vitabu hivi.

Sababu ya pili ni kwamba vitabu vilimpa Jessica miaka. Tamthilia za zama zile zilitakiwa zimrudishe mhusika pale pale alipoanzia. Jumapili moja analia msibani, Jumapili ijayo anaendesha baiskeli na kutabasamu kana kwamba hakuna aliyekufa, na kila episodi hugandishwa kwenye kicheko chake. Riwaya haiwezi kufanya hivyo kwa muda mrefu kabla msomaji hajaona mapengo. Kwa hiyo Bain alimletea George Sutherland, inspekta wa Scotland Yard, yaani polisi wa London, aliyezaliwa ndani ya Gin & Daggers. Kati yao likakua pendo la watu wazima wawili ambao kila mmoja ana maziko yake nyuma na bahari katikati yao, na wanaandikiana, wanakutana, wanaagana tena. Katika The Highland Fling Murders ya mwaka 1997 Jessica na marafiki zake wa Cabot Cove wanakwenda kwao George, Scotland, na ndani ya kurasa hizo mjane anapewa nafasi ya kusita, kutamani na kuona aibu ya kutamani. Halafu kuna suala la gari. Katika tamthilia Jessica hajui kuendesha. Katika toleo la kwanza la Gin & Daggers Bain alimweka nyuma ya usukani, wapenzi wa tamthilia wakaja juu, na toleo la baadaye likarekebishwa. Angeweza kuishia kwenye masahihisho. Badala yake, katika vitabu vilivyofuata, alimfanya mama huyu ajifunze kuendesha ndege na kupata leseni ya urubani huku gari likibaki limemshinda. Sharti la watu wengine likageuka kuwa kitu kinachomweleza Jessica vizuri kuliko skripti nyingi. Huyu ni mtu ambaye hajali kuonekana mwenye mapungufu barabarani ikiwa mbingu ziko wazi.

Sitadai kwamba vitabu vyote ni vizuri. Vingine vimejazwa hoteli na vyakula mpaka maiti anasahaulika. Kitabu cha meli, kitabu cha Las Vegas, kitabu cha Provence: mara nyingine unahisi ratiba ya safari imetangulia kisa. Mwandishi anayetakiwa kutoa vitabu viwili kwa mwaka hana miezi ya kukaa na sentensi moja. Lakini hilo ni kweli kwa riwaya nyingi za mfululizo duniani, ziwe zimetokana na televisheni au la, na hatujazoea kuihukumu aina nzima ya uandishi kwa vitabu vyake dhaifu.

Tuje kwenye mashtaka. La kwanza linasema vitabu hivi ni tangazo la biashara lililofungwa kwa jalada. Kuna ukweli humu, na mfano ulio wazi zaidi ni Castle. Tamthilia hiyo ya ABC ilianza Machi 2009, mhusika mkuu akiwa mwandishi wa riwaya za upelelezi anayeitwa Richard Castle. Septemba mwaka huo huo kikatoka kitabu cha kweli, Heat Wave, jina la Richard Castle kwenye jalada, na mahali pa picha ya mwandishi kukawekwa sura ya mwigizaji Nathan Fillion. Kikaingia kwenye orodha ya vitabu vinavyouzwa sana ya New York Times. Aliyekiandika ni Tom Straw, mtu aliyetokea kwenye uandishi wa televisheni, na jina lake halikuwa kwenye jalada wala popote ambapo msomaji wa kawaida angeliona. Kama mtu ataniambia kwamba hapo tangazo lilikuwa na nguvu kuliko kitabu, sitabishana naye sana. Lakini shtaka hili likipelekwa kwa Jessica Fletcher linakosa miguu. Tangazo hutangaza kitu kinachouzwa. Baada ya 1996 hapakuwa na msimu mpya wa kutangaza, baada ya 2003 hapakuwa hata na filamu. Marudio yalikuwapo, ndiyo, lakini hakuna aliyenunua kitabu cha mwaka 2008 kuhusu mauaji ya Savannah ili akumbushwe saa ya marudio. Watu walinunua kwa sababu walitaka kujua nani kaua.

La pili linahusu jina. Wanasema kuandika "Jessica Fletcher" mahali pa mwandishi ni kumdanganya mnunuzi. Nilipata nakala yangu ya kwanza ya Bain kwa muuza vitabu vya mtumba wa kando ya barabara, kimepauka kwa jua, sura ya Lansbury ikiwa mbele. Kijana yule aliniona nakigeuza, akasema, "Chukua tu kaka, huyu mama anaandika vizuri." Aliamini kabisa kwamba mwenye sura ndiye mwandishi, na sikuona haja ya kumsahihisha, kwa kuwa hukumu yake juu ya kitabu ilikuwa sahihi. Nakubali kwamba watu wa namna yake ni wengi. Hata hivyo jina la Bain lilikuwa pale pale chini, kwa herufi zinazosomeka, na desturi yenyewe ni kongwe. Mwaka 1929 binamu wawili wa Marekani, Frederic Dannay na Manfred Lee, walitoa The Roman Hat Mystery kwa jina la Ellery Queen, na Ellery Queen huyo ndiye pia mpelelezi wa ndani ya kitabu. Miongo mitatu baadaye baadhi ya vitabu vilivyobeba jina hilo viliandikwa na watu wengine kabisa, akiwamo Jack Vance. Levinson, Link na Fischer walikuwa wameitengenezea televisheni tamthilia ya Ellery Queen katika miaka ya 1975 na 1976, kabla ya kumbuni Jessica. Mwandishi wa mafumbo anayetatua mafumbo, na jina lake kwenye jalada la kitabu chenyewe: mchezo huo ulikuwa na umri wa miaka 60 Gin & Daggers ilipotoka. Wanaopenda fasihi ya upelelezi wanaujua na wanaufurahia. Tatizo linaanza pale tu jina la kweli linapofutwa, na ndiyo maana Bain na Straw hawafai kutiwa kapu moja.

Shtaka la tatu ndilo linalorudiwa zaidi na ndilo dhaifu kuliko yote: kwamba asiyembuni mhusika hawezi kuwa msanii, kwa kuwa anatembea na miguu ya kuazima. Sisi wa Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kulikataa. Nani alimbuni Abunuwasi? Nani mwenye Sungura? Bibi aliyesimulia usiku kando ya jiko hakudai kuwa wake, na hakuna mtoto aliyemwambia, "Bibi, huyu Sungura umemwazima." Tulimpima kwa jinsi alivyompitisha Sungura mtegoni, kwa mahali aliposita, kwa sauti aliyompa Fisi. Na kama tatizo ni masharti, kwamba mwandishi wa Jessica hawezi kumwoza wala kumuua wala kumfanya mlevi, basi tuwatazame washairi wetu. Mtunzi wa tarbia ana mizani 16 katika kila mstari, vina vya kati na vya mwisho vinamngoja, na hakuna anayemwambia kwamba kwa kuwa kanuni hakuzitunga yeye basi shairi si lake. Masharti yanaonyesha nani fundi. Anayeandika Jessica akiwa amefungwa hivi na vile, na bado akatushtua katika ukurasa wa 240, amefanya kazi ngumu kuliko anayembadili mpelelezi wake kila anapokwama.

Limebaki shtaka ambalo sina jibu lake, na sitaki kujifanya ninalo. Mwandishi wa riwaya ya namna hii anaandika kwa ajira. Kwa utaratibu wa kawaida wa mikataba hii, hakimiliki ni ya kampuni yenye tamthilia, muswada hupitishwa na kampuni kabla ya kuchapwa, na anacholipwa mwandishi kinategemea alichokubaliwa mwanzoni: malipo ya mkupuo, na pengine mrabaha mdogo juu yake. Maana yake ni kwamba hata alichokibuni mwenyewe hakimfuati. George Sutherland hakuwahi kuwapo katika akili ya Fischer, Levinson wala Link. Alitoka katika kichwa cha Bain. Lakini kwa kuwa alizaliwa ndani ya nyumba ya kupanga, mwenye nyumba anahesabu kuwa ni wake. Bain alipofariki, Jessica alipewa mwandishi mwingine siku zikasonga, kama gari la kampuni linavyopewa dereva mwingine. Huo ndio ukweli mchungu wa kazi hii, na wenye kuifanya wameujua siku zote. Mwaka 2006 Goldberg na Max Allan Collins waliunda chama cha kimataifa cha waandishi wa vitabu vinavyotokana na filamu na televisheni, na chama hicho kikaanzisha tuzo zake za Scribe, kwa kuwa tuzo nyingine zilikuwa zikiwapita pembeni.

Hapo ndipo dharau ya wahakiki inapofanya madhara halisi. Ukiamua kwamba kitabu hiki si fasihi, umeamua pia kwamba aliyekiandika si mwandishi, na asiye mwandishi hana cha kudai. Kampuni inapokaa kwenye meza ya mkataba, inafaidika na dharau hiyo bila kuigharimia. Kwa nini imlipe mtu vizuri kwa kazi ambayo hata magazeti hayaoni haja ya kuihakiki? Kwa nini iandike jina lake kwa herufi kubwa? Wahakiki wanadhani wanailinda fasihi dhidi ya biashara, kumbe wanaipunguzia biashara gharama. Ningependa kuwaona wakifanya kinyume: wavisome vitabu hivi kama wanavyosoma riwaya nyingine yoyote ya upelelezi, wavikosoe pale vinapochosha, waseme jina la aliyeandika, na ghadhabu yao waielekeze kwenye vifungu vya mkataba.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa, kwa sababu ya filamu. Watayarishaji wanaomrudisha mpelelezi mwenye vitabu zaidi ya 50 wana ghala kubwa chini ya miguu yao: mafumbo yaliyokwisha kujaribiwa kwa wasomaji, pendo la Jessica na George, leseni ya urubani, na namna nzima ya kuwaza ya mwanamke ambaye tamthilia ilituonyesha kutoka nje tu. Kwa kawaida ya mikataba hiyo wanaweza kuchota humo bila kubisha hodi kwa mtu yeyote. Wakichota, Jessica wa Curtis atakuwa tajiri zaidi kwa hilo. Wasipochota, watalazimika kubuni upya uzee, ujane na upendo ambavyo vimekwisha kuandikwa kwa miaka karibu 40. Kwa vyovyote vile Curtis atalinganishwa na Lansbury, hilo halizuiliki. Lakini kuna watu ambao hawatamlinganisha na sura. Watakuwa wakisikiliza kama sauti ni ile ile waliyoisoma kwa nafsi ya kwanza, kitabu baada ya kitabu, katika miaka ambayo ulimwengu wote ulidhani mama huyu amestaafu.

Mimi ni mmoja wao. Filamu itakapotoka nitaitazama hadi mwisho, na taa zitakapowashwa sitanyanyuka. Nitakaa majina yapite yote, ya madereva, ya mafundi umeme, ya wapishi wa eneo la kurekodia, nikitafuta mahali palipoandikwa Donald Bain na Renée Paley-Bain.